Mkataba wa Wyll na Gharama Yake

Katika Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Larian Studios ya Ubelgiji, Wyll Ravengard ni mhusika aliyefunga mkataba na Mizora, shetani wa kike anayempa nguvu za uchawi kwa sharti la kumtumikia. Wanaomtetea hueleza kwamba alikuwa kijana wa miaka 17 tu, na kwamba alikubali ili mji wake usiangamizwe, ilhali wanaomlaumu hushikilia kuwa nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kupima masharti kabla ya kuyaridhia. Hoja hizo hupata uzito anapoamriwa kumuua mwanamke aitwaye Karlach, kwani akigundua kuwa mwanamke huyo si shetani kama alivyoambiwa, na akamwacha hai, Mizora humwadhibu kwa kumwotesha pembe kichwani. Baadaye hutakiwa kuchagua kati ya uhuru wake na uhai wa baba yake. Hapo ndipo udhalimu wa mkataba huo unapodhihirika, kwa kuwa mwenye nguvu huugeuza upendo wa mnyonge kuwa mnyororo, na kwa hiyo lawama kubwa ni ya aliyeuandika, wala si ya kijana aliyejitoa kwa ajili ya watu wake.