England, Britain na United Kingdom: Jina Lipi kwa Nchi Ipi

Dola ambayo Waswahili huiita Uingereza ina jina refu kwa Kiingereza: United Kingdom of Great Britain and Northern Ireland. Kwa kifupi huandikwa United Kingdom au UK, na katika mazungumzo na magazeti husemwa pia Britain. England si kifupi cha jina hilo. Ni sehemu moja ya dola, kubwa kuliko nyingine na yenye watu wengi zaidi, lakini inabaki kuwa sehemu, pamoja na Scotland, Wales na Northern Ireland. Anayeandika Kiingereza na kuita dola nzima England anawafuta watu wa sehemu tatu kwa neno moja, na wenyewe hawalichukulii hilo kuwa jambo dogo. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali ili aelewe: Mzanzibari ni Mtanzania, lakini hakuna amwitaye Mtanganyika.

Majina yenyewe yamejengwa na historia. Wales iliunganishwa kisheria na England katika karne ya 16, enzi za Mfalme Henry VIII, bila jina la ufalme kubadilika. Ndiyo maana hata bendera ya dola haina alama yoyote ya Wales. Scotland ilikuwa na mfalme mmoja na England tangu 1603, ila ilibaki ufalme wa peke yake hadi 1707, mabunge mawili yalipoungana na nchi mpya ikaitwa Great Britain. Ireland ilipoingizwa mwaka 1801, jina United Kingdom likashika nafasi yake. Mwaka 1922 sehemu kubwa ya Ireland ilijitoa, kaskazini ikabaki, na mwaka 1927 jina likarekebishwa liendane na hali hiyo.

Kwa hiyo Great Britain, kwa maana yake halisi, ni kisiwa chenye England, Scotland na Wales. Northern Ireland iko ng'ambo ya bahari: imo ndani ya United Kingdom lakini haimo katika Great Britain. Jamhuri ya Ireland, yenye mji mkuu Dublin, ni nchi nyingine kabisa, na kuiweka chini ya jina Britain ni kosa zito kwa watu waliopigania uhuru wao. Hata Jersey, Guernsey na Isle of Man, visiwa vilivyo chini ya mfalme yuleyule, si sehemu ya United Kingdom.

Makosa mengi hutokea katika kuwataja watu. Wawili waliokutana Ujiji mwaka 1871 ni mfano mzuri. David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland. Jina la mji huo ndilo lililopewa Blantyre ya Malawi. Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta, alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841. Kwa Kiswahili wote wawili huitwa Waingereza bila taabu. Kwa Kiingereza, Livingstone ni Scottish na Stanley ni Welsh kwa kuzaliwa, na neno English halimfai hata mmoja wao. Neno linaloweza kumtaja mtu wa sehemu yoyote ya dola ni British. Scotch nayo iachiwe wiski, kwa kuwa watu wa Scotland wa leo hawapendi kuitwa hivyo.

Lakini si kila mahali British ndilo neno salama. Sheria iliyorithiwa Tanganyika wakati wa ukoloni ilikuwa ya England, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Scotland ina mfumo wake wa sheria na mahakama zake, kwa hiyo mwanafunzi wa sheria anayeandika British law pale panapohitaji English law amekosea jambo la msingi katika somo lake.

Kwenye michezo, waandishi wa Kiswahili wako makini zaidi kuliko wenzao wa kurasa nyingine: wao huandika Ligi Kuu England, na ndivyo ilivyo, maana Celtic na Rangers wana ligi yao Scotland. Kombe la Dunia la 1966 lilichukuliwa na England peke yake. Nchini Qatar mwaka 2022, England na Wales zilipangwa kundi moja, na England ikashinda 3-0. Olimpiki ni tofauti: sehemu zote hushiriki kama timu moja iitwayo Great Britain, ingawa wanamichezo wa Northern Ireland nao wamo. Jina hilo linalalamikiwa kwa haki.

Katika sentensi, United Kingdom na UK hutanguliwa na the na huchukua kitenzi cha umoja. Britain na England hazitanguliwi na neno hilo. Kwenye fomu za viza au za vyuo, nchi hutafutwa kwenye herufi U. Alama zake hazifanani: msimbo wa kimataifa wa nchi ni GB, anwani za intaneti huishia na .uk, na alama ya magari yaendayo nje ilibadilishwa kutoka GB kuwa UK mwaka 2021. Aliyezaliwa Glasgow anaweza kuandika Scotland penye mahali pa kuzaliwa na British penye uraia, bila kujipinga. Kwa watu wa Northern Ireland, mkataba wa amani wa 1998 unawaruhusu kujitambulisha kuwa British, Irish au vyote viwili, kwa hiyo kabla ya kuandika, mhusika huulizwa kwanza.