Fahamu: Wasiwasi unapovuruga tumbo

Vipimo vyote safi, lakini kila penye mtihani au usaili tumbo linasokota na choo hakisubiri. Maumivu hayo ni ya kweli, mgonjwa hajisingizii. Ubongo na utumbo huwasiliana kupitia neva, na hofu ikizidi mwendo wa utumbo huvurugika, hata gesi kidogo ikauma.

Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake, huko Manchester, Uingereza, waligawa katika makundi mawili wagonjwa 30 wa tatizo hili ambao dawa hazikuwasaidia. Kundi moja lilipata hipnosisi: unatulizwa, unaweka kiganja tumboni, unahisi joto lake na kuwazia utumbo ukitulia. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa kuliko kundi la ushauri nasaha na vidonge bandia.

Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, anza kwa daktari.