Haki na Wajibu wa Wenye Biashara Ndogo: Duka la Kupanga na Kibanda cha Soko (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza ni nani anayehesabiwa na sheria kuwa mwenye biashara ndogo. Sehemu hii inahusu mahali anapofanyia biashara hiyo, kwa kuwa fundi cherehani wa Ogembo au muuza nafaka wa Keroka anaweza kuwa na leseni halali na bado akafika asubuhi akakuta kufuli lisilo lake mlangoni.

Upangaji wa vyumba vya biashara nchini Kenya huongozwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1965 na inayohusu maduka, hoteli na mikahawa. Msingi wake ni upangaji unaolindwa, yaani, hasa, ule usioandikwa popote au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Wengi hulielewa jambo hili kinyume: hudhani kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana haki, ilhali ni hali hiyohiyo inayomwingiza chini ya ulinzi wa sheria. Mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi au kumwondoa mpangaji sharti atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, miezi 2 au zaidi kabla, akitaja sababu. Neno la mdomo siku ya soko, hata likisemwa mbele ya mashahidi, si notisi.

Ulinzi huo una bei yake. Mpangaji aliyechelewesha kodi kwa miezi 2 tangu ilipopasa kulipwa, au anayechelewesha kila mara, humpa mwenye nyumba sababu halali ya kumwondoa, na hapo risiti zilizotunzwa humtetea kuliko maneno mengi.

Kibanda cha soko, kama vile Daraja Mbili mjini Kisii, ni habari nyingine, kwa kuwa sheria hiyo haiulindi upangaji ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mhusika. Kimbilio la mwenye kibanda ni Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachotaka maamuzi ya serikali yawe halali na ya haki, na kinachompa aliyeathirika haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kimbilio hilo, kwa kweli, ni jembamba zaidi. Keroka huongeza utata, maana mji huo umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, kaunti ambazo zimevutana juu ya ushuru wake, kwa hiyo mfanyabiashara wa hapo anapaswa kuangalia risiti yake imetolewa na kaunti ipi.

Mpangaji wa duka aliyepokea notisi asiyoikubali anapaswa kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi ndani ya mwezi 1, kisha kulipeleka shauri kwenye jopo la migogoro ya upangaji wa biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Akinyamaza, notisi hutekelezwa kama ilivyoandikwa.