Ngao Isiyo na Bahari

Nembo ya Umoja wa Kisovieti, iliyoidhinishwa mwaka 1923, ilikuwa na nyundo ya mfanyakazi na mundu wa mkulima juu ya tufe la dunia, na utepe uliorudia mwito mmoja kwa lugha za jamhuri zake. Dola hiyo ilisambaratika mwaka 1991. Mwalimu wa Likoni akiyafundisha hayo, hana budi kuigeukia ngao yetu ya mwaka 1963.

Humo yumo jogoo mwenye shoka, aliyekuwa pia alama ya KANU. Chama hicho kilishindwa mwaka 2002. Jogoo angali pale. Miguuni pa simba wawili upo Mlima Kenya, pamoja na kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Shuleni tumezoea kuvikariri vitu hivi. Ni nadra kuuliza kilichoachwa.

Bahari haimo. Mnazi haumo, wala jahazi, ingawa chai hiyo hupigiwa mnada Mombasa na kupakiwa melini Kilindini, mbele ya macho ya mtoto wa Likoni. Nasema haya bila kufufua ugomvi wa majimbo. Kutoka Pwani ngao ilichukua lugha: neno lake pekee, Harambee, ni la Kiswahili.