Kasha Lisilopitisha Maji

Mwanafunzi wa Ulaya, wilayani Kilosa, akiitembelea Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, huweza kuonyeshwa bwawa la viboko. Ataona macho, masikio na pua tu vikitokeza juu ya maji. Mwili wote umefichika. Je, kiboko huogelea kama samaki, au hutembea huko chini?

Aliyesimama ukingoni hawezi kujibu swali hili. Tena, maji yenye matope huzuia kuona. Lakini katika chemchemi ya Mzima, iliyomo katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, maji ni maangavu, kwani yamechujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu. Huko, karibu na mwaka 1970, Alan Root na mkewe Joan walipiga picha za sinema za viboko chini ya maji. Picha hizo zilionyesha viboko wakitembea juu ya sakafu ya chemchemi, na samaki wakiisafisha ngozi yao. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Baadaye kiboko alimuuma Alan Root mguuni katika chemchemi hiyo hiyo.

Kamera ya kawaida haivumilii maji. Maji kidogo tu yakiingia huharibu sehemu za umeme na kuleta kutu. Kwa hiyo kamera hufungiwa ndani ya kasha lisilopitisha maji.

Kanieneo ya maji

Maji yana uzito, nayo hukandamiza kila kitu kilichomo ndani yake. Nguvu inayokandamiza kila kipimo kimoja cha eneo huitwa kanieneo. Kadiri tunavyokwenda chini, ndivyo kanieneo inavyoongezeka.

Chukua kifuniko cha kasha chenye urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 10. Katika kina cha mita 10, maji hukikandamiza kwa nguvu ilingananayo na uzito wa kilo 100 hivi, yaani gunia moja la mahindi. Katika mita 20 ni magunia mawili, na katika mita 30 ni matatu. Kasha dhaifu litapasuka au litavuja.

Kuchagua kasha

Kwanza, soma kina kilichoandikwa na mtengenezaji. Kasha la mita 10 lisishushwe hadi mita 30. Pili, tazama kioo cha mbele. Kiwe safi, wala kisiwe na ufa. Tatu, kagua pete ya mpira iliyo kati ya kasha na kifuniko. Kifuniko kinapofungwa, pete hubanwa ikajaza nafasi yote, na maji hukosa njia. Pete iliyokatika au kukauka haifai. Hata unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya pete huacha upenyo.

Jaribio

Vifaa: chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko chenye mpira ndani, mawe madogo, karatasi laini kavu, uzi wa pamba, na ndoo ya maji.

1. Tia mawe ndani ya chupa ili izame. Weka karatasi juu ya mawe.
2. Funga kifuniko, kisha zamisha chupa ndooni kwa muda wa saa moja.
3. Itoe na kuifuta nje kabla ya kuifungua. Je, karatasi imelowa?
4. Rudia jaribio, lakini sasa pitisha uzi juu ya mdomo wa chupa. Ncha moja iguse karatasi, na nyingine iwe nje. Linganisha matokeo.

Fanyeni jaribio hili katika ndoo, wala si katika mto Mkondoa au Miyombo.

Kuliamini kasha

Wapiga picha waangalifu hufanya vivyo hivyo. Hawaliamini kasha kwa sababu ni nene au ni la bei kubwa. Hulifunga tupu, wakatia karatasi kavu na kitu kizito, kisha hulishusha kwa kamba hadi kina watakachofanyia kazi. Wakilipandisha na kukuta karatasi ni kavu, ndipo hutia kamera. Kasha tupu likivuja, tumepoteza muda tu. Likivuja likiwa na kamera, tumepoteza kamera na picha zote.

Kasha lililofaulu jana huweza kuvuja leo, kwani mchanga huingia na mpira huchakaa. Basi pete ikaguliwe kila mara kabla ya kulifunga kasha. Baada ya kazi ya baharini, kasha lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Maswali

1. Kanieneo ni nini?
2. Kwa nini kasha la mita 10 halifai katika mita 30?
3. Uzi ulileta tofauti gani katika jaribio lako? Eleza sababu.
4. Kwa nini kasha hujaribiwa likiwa tupu?