Picha nafuu, maneno ghali: biashara ya kurusha kiapo cha Washington

Kwa Katiba ya Marekani, muhula wa rais huanza saa sita kamili mchana, Januari 20. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili kamili usiku. Mtu wa televisheni wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana yake: ndiyo saa ya taarifa ya habari, na ndiyo saa ambayo tangazo la sekunde 30 huuzwa kwa bei ya juu. Nairobi hali ni tofauti kidogo. Habari za Kiswahili zimeshapita saa moja, za Kiingereza zinasubiri saa tatu, kwa hiyo kiapo kinaangukia kwenye tamthilia, mahali penye wadhamini wasiopenda kabisa kusogezwa.

Kila baada ya miaka minne, basi, vyumba vya habari huamua ama kuvunja ratiba na kwenda Washington mubashara, ama kusubiri na kurusha vipande. Wahariri karibu wote hutaka mubashara. Maswali huja kutoka kwa wahasibu.

Picha yenyewe ndiyo sehemu nafuu. Mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani haishindani kwa kamera kuu za jukwaani. Huchangia gharama, mmoja akaongoza kwa zamu, wote wakatumia picha zilezile. Picha hizo hutoka safi, hazina maandishi wala sauti ya mtangazaji, kisha mashirika ya habari yenye wateja duniani kote huzisambaza kwa setilaiti na siku hizi kwa intaneti. Kituo chenye mkataba wa mwaka na shirika la namna hiyo mara nyingi hukuta kiapo kimo ndani ya ada. Tatizo ni kwamba ada inadaiwa kwa dola, na matangazo yanauzwa kwa shilingi.

Kinachogharimu ni kuyafanya yale yanayosemwa yaeleweke sebuleni kwa mtazamaji. Kiapo chenyewe ni maneno 35 tu na hakimsumbui mtu. Hotuba ndiyo kazi. Ya mwaka 2017 ilichukua kama dakika 16; ya mwaka 2025 ilikaribia nusu saa. Wakalimani wa mikutano hukaa wawili wawili kwenye kibanda na kupokezana, kwa kuwa hakuna anayeweza kufanya kazi hiyo vizuri kwa muda mrefu akiwa peke yake. Vituo vyetu vingi humweka mtu mmoja, tena mara nyingi ni msomaji wa habari aliyeambiwa mchana kwamba usiku atatafsiri. Ukimsikiliza kwa makini unaijua dakika anayochoka. Kwanza tarakimu zinaruka, kisha majina ya majimbo, halafu anabaki na "rais anaendelea kusisitiza kwamba", na baada ya hapo kimya.

Mkuu wa mauzo wa kituo kimoja cha Dar es Salaam, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa yeye wala kituo chake, ana lalamiko lake, na inafaa lisikilizwe lote. Anasema sherehe ya nje haina mahali pa kupenyeza tangazo. Mechi ina mapumziko, bunge lina kuahirishwa, lakini pale jukwaani wimbo unafuatwa na sala, sala na kiapo, kiapo na hotuba, na mhariri hataki kukata hata kidogo. Matangazo yaliyokuwa yamelipiwa kwa saa mbili usiku yanasogea hadi saa tatu na nusu. Mteja anayeifuatilia ratiba yake kwa karatasi na kalamu hupiga simu asubuhi yake akidai arushiwe tena bure, na hurushiwa. Haya yote hutokea Januari, mwezi wa ada za shule, ambapo wenye bidhaa wamefunga mikoba tangu mwisho wa sikukuu. Kwa hesabu yake, kila kiapo cha Washington kinamletea sifa mhariri na deni idara ya mauzo. Alipoulizwa kwa nini basi wasiachane nacho, alisema washindani wakikirusha na wao wakaonyesha tamthilia, wadhamini haohao watauliza kama kituo bado ni cha habari.

Mwenzake wa upande wa mtandaoni katika kituo kingine analalamikia jambo dogo zaidi kwa sura lakini huenda ndilo kubwa. Mkataba wa shirika la habari unaruhusu picha zipite kwenye king'amuzi, si lazima kwenye ukurasa wa kituo mtandaoni. Picha zikirushwa huko bila haki hiyo, mfumo wa hakimiliki unazikata hotuba ikiwa katikati, na ukurasa unapata onyo. Watazamaji wenyewe, kama wana bando, wanahamia moja kwa moja kwa vituo vya Marekani vinavyoonyesha picha ileile bure. Kituo cha hapa kinabaki na wale wasiojua Kiingereza au wasio na bando, ambao ni wengi, lakini sio wanaotafutwa na benki na kampuni za simu.

Watazamaji wangapi, hasa? Hapa ndipo mwandishi wa biashara anapopaswa kushika kalamu kwa tahadhari. Mwaka 2017 msemaji wa serikali mpya ya Marekani alisimama siku ya pili na kudai kuwa hadhira ile, uwanjani na duniani kote, ilikuwa kubwa kuliko zote katika historia ya sherehe hizo. Vipimo vya televisheni vya nchini mwake vilionyesha watazamaji karibu milioni 31. Mwaka 2009 walikuwa karibu milioni 38, na mwaka 1981 karibu milioni 42. Mwaka 2025 wakashuka hadi karibu milioni 25. Kama nchi yenye vipimo vya kila usiku inaweza kutoa dai la namna ile, msomaji ajiulize mwenyewe kuhusu maofisa wa huku wanaohesabu ving'amuzi vilivyouzwa na kuviita watazamaji. King'amuzi kisicholipiwa tangu Oktoba kingali kwenye hesabu yao.

Mwaka 2009, kwa haki, ulikuwa wa pekee. Baba wa rais aliyeapishwa alikuwa Mkenya; Kenya ilishatangaza sikukuu ya kitaifa baada ya ushindi wake Novemba 2008, na siku ya kiapo Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba huyo, kilijaa watu na kamera. Watu wa mauzo wanaikumbuka kama mara pekee ambayo wadhamini walikuja wenyewe. Wanaopanga bajeti kwa kuutegemea mfano huo wanajidanganya.

Lakini udhaifu mkubwa wa biashara hii si wa kimauzo. Mwaka 2025 sherehe ilihamishiwa ndani kwa sababu ya baridi, nafasi za waandishi zikapungua, na dunia nzima ikategemea zaidi zile picha za pamoja. Vituo vyetu vilionyesha kofia, wageni matajiri na kukumbatiana, vikaaga. Jioni ya huko, kwetu ikiwa usiku wa manane, rais alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Ndiyo habari iliyomgusa muuguzi wa kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kule Kisumu na Mbeya. Studio zilikuwa giza, wachambuzi wameshapewa nauli.

Miezi miwili baadaye tawi la bei rahisi nalo likakatwa. Shirika la utangazaji la serikali ya Marekani lilikuwa likivipa vituo washirika vipindi vya Kiswahili na mwandishi wa kuzungumza nao mubashara kutoka Washington, bila malipo. Machi 2025 wafanyakazi wake zaidi ya 1,300 walipewa likizo ya lazima. Kesi zikafuata, ila kituo hakipangi ratiba kwa kutegemea kesi. China, ambayo kituo chake cha serikali kina makao ya Afrika jijini Nairobi tangu 2012, inatoa picha za sherehe zake kwa urahisi, ingawa gwaride linaloanza saa tatu asubuhi Beijing hufika huku saa kumi alfajiri, na kamera zote zina mwenye nyumba mmoja.

Kiapo kijacho ni Januari 20, 2029, siku ya Jumamosi. Ratiba ya Ligi Kuu ya England isipobadilika, mechi ya mwisho ya siku hiyo itaanza saa mbili na nusu usiku, rais mpya akiwa bado kwenye hotuba. Mkuu wa mauzo anadhani mhariri wake atashinda tena mabishano ya kikao. Anasema pia kwamba wateja wake wawili wakubwa wameshamwambia watakuwa kwenye vibanda umiza.