Ile Tano ya Mama wa Bukavu

"Mama, toka moja mpaka tano, umeridhika kiasi gani na mafunzo?"

Akacheka kidogo. "Tunashukuru tu Mungu."

Nikazungushia 5.

Ndiyo kazi niliyofanya Louisville, Kentucky: kusoma kwa Kiswahili dodoso la taasisi iliyokipa ruzuku kikundi cha ushonaji cha akina mama wakimbizi wa Kongo. (Kwao walikuwa Washi na Wabembe, Marekani wakawa Weusi.) Nani atampa mfadhili mbili? Nilipofunga jalada ndipo mama akasema: darasa ni saa nne asubuhi, naye ametoka zamu ya usiku kiwanda cha nyama, amesinzia, sindano ikamwingia kidoleni. Dodoso halikuwa na pa kuliandika hilo.

Watu wakisikia habari za usawa wa rangi kwenye ruzuku, humtafuta mbaguzi mwenye kalamu. Huenda yupo. Mimi nilichokutana nacho ni fomu. Kikundi chetu kiliomba tena, dola 10,000, kikatakiwa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Mkaguzi alitaka dola 8,000. Ukiwa nazo, unaomba nini?

Wala si sisi tu. Mwaka 2020 shirika la ushauri la Bridgespan na mfuko wa Echoing Green waliwachunguza waombaji waliofanya vizuri zaidi kwa Echoing Green. Mashirika yanayoongozwa na Weusi yalikuwa na mapato pungufu kwa asilimia 24 kuliko ya wenzao Wazungu. Akiba isiyofungwa na masharti ilikuwa pungufu kwa asilimia 76, na hapo ndipo penyewe, maana fedha hiyo ndiyo inayolipa pango, mhasibu, na ukaguzi uleule unaodaiwa na fomu. Aliyekosa mwaka huu, mwakani anakosa kwa sababu ileile.

Na tathmini je? Mmarekani Jara Dean-Coffey, mtaalamu wa tathmini, amezihimiza taasisi zikubali kwamba hata dodoso lina upande: anayetunga swali ameshaamua mafanikio ni nini. Wafadhili wetu walihesabu vyeti, 22. Akina mama walihesabu cherehani zilizobaki mradi ulipokwisha. Mbili.

Ukiitwa kutafsiri dodoso, omba wahusika wasomewe kabla halijachapwa, wayakatae maswali wasiyoyataka. Mimi sikuomba. Ile 5 ingali kwenye ripoti.